Bibi Alikuwa Anapima

Husemwa mara nyingi, tena kwa sifa, kwamba bibi zetu walipika bila kupima. Nimeyasikia hayo Sumbawanga mjini, na nimeyasikia hapa Leicester ninakoishi, kila Watanzania tunapokutana na sahani ya mmoja wetu ikawashinda wenzake kwa ladha. Mimi sikubali. Bibi yangu wa Mtowisa, aliyenifundisha ugali wa ulezi na kambale mkavu wa karanga, alipima kila kitu. Hakutumia mzani wala saa, na sisi tuliomtazama hatukutambua kwamba alichokuwa anafanya ni kupima. Ndiyo maana vipimo hivyo vinazikwa pamoja na wenyewe, na jambo hilo linaniuma.

Kwa asiyepajua, Mtowisa iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Sumbawanga imekaa juu, kwenye mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye mita kama 800. Ukishuka, koti unalivua njiani. Juu ni nchi ya ulezi na maharage. Bondeni kuna mpunga, ufuta na samaki. Bibi alizaliwa juu akaolewa bondeni, na chakula chake kilikuwa na pande zote mbili: ulezi alipelekewa na ndugu zake, kambale alikaushiwa papo hapo Mtowisa.

Ulezi wenyewe una historia ndefu kabla ya kufika jikoni. Wafipa wa juu walikuwa wakifukia majani ndani ya matuta ya mviringo, wakapanda maharage juu yake, kisha msimu unaofuata wakayabomoa na kuyasambaza, majani yakiwa yameshaoza kuwa mbolea, ndipo wakasia ulezi. Bibi alinisimulia hayo kama sehemu ya pishi, wala si kama somo la kilimo. Kwake, mtu asiyejua ulezi umetoka shamba la namna gani hawezi kujua utakunywa maji kiasi gani.

Somo langu la kwanza lilikuwa mchanga. Punje ya ulezi ni ndogo mno na hupurwa chini, kwa hiyo mchanga huingia tu. Unapepeta, unaosha kwenye maji mengi, unazungusha chombo taratibu na kumimina juu juu ili mchanga ubaki chini. Bibi alikuwa akichukua punje chache, anatafuna, ananyamaza kidogo. Meno yakilia, tunarudia. Hicho ni kipimo, na kwa kazi hiyo sijaona kilicho bora zaidi. Mashineni nako alikuwa na utaratibu wake. Hakukubali ulezi wake usagwe mara baada ya mahindi ya mtu, kwa sababu unga wa mwanzo hutoka na weupe wa masalia. Alikaa akasubiri mwenye ulezi mwingine atangulie, hata jua likisogea.

Hapa Leicester unga wa ulezi naupata Belgrave Road, kwenye maduka ya Wahindi, umeandikwa ragi. Wengi wa jamii hii wana mizizi Afrika Mashariki, hasa familia zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na si ajabu kukuta muhogo kwenye friji ya duka hilohilo. Unga ni laini, hauna punje ya mchanga. Nasema wazi kuwa hiyo ni neema. Sioni fahari yoyote katika kutafuna changarawe. Lakini kuna pakiti mbili zinazofanana, na moja imesagwa kwa ulezi uliooteshwa. Huo ni kimea. Kimea kina vimeng'enya vinavyovunja wanga, kwa hiyo ukikoroga hata mkono ukuume, sufuria itakurudishia uji. Nyumbani jambo hilo linajulikana vizuri: kimea kina kazi yake kwenye pombe, na kwenye uji wa mtoto huwezesha kutia unga mwingi bila uji kuwa mzito. Anayetafuta ugali asome pakiti hadi mwisho.

Jirani yangu mmoja ametoka Bengaluru. Kwao Karnataka huufinyanga ulezi kuwa tonge kubwa la mviringo waliitalo mudde, wanachovya kwenye mchuzi na kumeza bila kutafuna. Nilipomwambia kwamba nafaka hii asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, na kwamba ilivuka kwenda India zamani sana, alifurahi kweli. Siku hizi tunagawana pakiti. Yeye anapima kwa kikombe: kimoja cha unga, viwili vya maji. Wangu mgumu zaidi, unakula unga karibu nusu kilo kwa lita moja ya maji.

Nusu kilo hiyo nimeipata kwa kupima baadaye. Kwa Bibi, kipimo kilikuwa chunguni. Unaanza na uji mwepesi, unauacha uchemke mpaka mlio wake ubadilike kutoka wa maji kuwa wa kitu kizito. "Sikiliza chungu, mke mwenzangu," alikuwa akiniambia, kama bibi anavyomtania mjukuu wake wa kike. Ndipo unaongeza unga kidogo kidogo, unasonga, mpaka ugali uachie kingo za chungu na harufu ya unga mbichi iishe. Mafiga matatu yalikishika chungu. Ungeweza kusonga kwa nguvu zako zote. Jiko langu la kioo halishiki chochote, sufuria inateleza, inabidi mtu mwingine aishike masikio. Ugali wa ulezi huku ni kazi ya watu wawili.

Wenzetu wa huku walianza zamani kuandika. Kitabu cha Isabella Beeton cha mwaka 1861 kilitoa viasi, muda na hata gharama za pishi, na Fannie Farmer wa Boston mwaka 1896 alisisitiza vikombe na vijiko vilivyosawazishwa juu kwa kisu. Nawaheshimu kwa hilo. Pishi lililoandikwa hivyo humfikia mtu ambaye hakuwahi kukaa jikoni kwa mama yeyote. Kwetu, ambaye hakuwepo jikoni hakurithi kitu, na wavulana ndio waliokosa zaidi. Kaka zangu wanaupenda ugali wa Bibi kuliko mimi, na hakuna hata mmoja anayejua kuusonga.

Ila dakika hazisafiri vizuri. Sumbawanga, kwa urefu ule, maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 94. Bondeni ni kama 97. Hapa Leicester ni karibu 100. Maharage yaleyale huchelewa kuiva juu, na Bibi alilijua hilo bila kipimajoto: alisema maharage ya kwao "yana kiburi yakiwa nyumbani, yakishuka bondeni yanatii." Ukimwandikia mtu dakika tisini, umemwandikia mji mmoja tu. Ukimwandikia kwamba harage libonyee kati ya vidole viwili bila ganda kukataa, umemwandikia popote.

Karanga ni hivyo hivyo. Kambale mkavu unamloweka maji ya moto, unamtoa miiba, unambandika na nyanya na kitunguu. Karanga zilizosagwa unazikoroga pembeni na maji kwanza, ndipo unazitia, moto mdogo, hadi mafuta yaelee juu. Kabla mafuta hayajaelea, karanga ni mbichi, hata saa iseme nini. Siagi ya karanga ya huku nyingi ina sukari na mafuta ya mawese. Tafuta yenye karanga peke yake. Kambale mkavu nampata kwa Wanigeria, na ni mzuri.

Huko nyumbani ulezi unapungua sahanini. Tangu miaka ya 1970, serikali iliponunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, Rukwa ikawa moja ya mikoa mikubwa ya mahindi, na sembe ikachukua meza. Ulezi ukabaki uji wa watoto na pombe. Umoja wa Mataifa uliufanya 2023 kuwa mwaka wa mtama, ulezi na jamii zake, na Leicester nafaka hizi zikapangwa rafu za mbele. Mtowisa binamu zangu wadogo bado wanauona ulezi ni chakula cha wagonjwa.

Kwa hiyo ninaandika. Shangazi na mama mdogo wananitumia sauti kwa WhatsApp, nami nina daftari lenye safu mbili: upande mmoja gramu na lita, upande wa pili mlio, harufu, kidole na meno. Safu ya pili ndiyo ndefu. Juu ya kambale bado hawajakubaliana: mama mdogo anasema chumvi huingia kabla ya karanga, shangazi anasema Bibi aliitia mafuta yakishaelea, kwa sababu kambale mkavu ana chumvi yake ambayo huijui mpaka uonje. Nimeandika yote mawili, na pembeni nimeandika nani kasema nini. Aliyekula kwa Bibi akakumbuka vingine, aniandikie.