Saa Tisa Baina ya Ndege Mbili

Ndugu msomaji, siku utakapokabidhiwa tiketi ya kwenda Ulaya, iwe ni kwa masomo, kwa kazi au kwa kumzuru mwanao aliyeolewa huko, usitazame tarehe peke yake. Tazama pia saa utakazokaa njiani ukingojea ndege ya pili. Wengi wetu huzihesabu saa hizo kuwa ni hasara. Hukaa kitini wamekumbatia begi, wakisinzia na kuzinduka, mpaka waitwe. Mimi nami nilijiandaa kukaa hivyo hivyo, na ningekaa, lau si mgonjwa mmoja aliyelazwa Igogwe.

Igogwe, kwa wasioifahamu, imo katika vilima vya Rungwe, mkoani Mbeya, nchi ya migomba, chai na parachichi, ambako ukungu hushuka asubuhi ukaficha hata nyumba ya jirani. Hospitali yake ya Kanisa Katoliki ndiyo iliyolivumisha jina la mahali hapo. Mama yangu aliteleza kwenye tope la mvua za Aprili, akavunjika mguu. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya safari yangu ya kwenda Oslo, nchini Norway, kwa mafunzo ya majuma mawili. Nilitaka kuahirisha. Yeye akakataa katakata, akasema mguu utaunga niwepo au nisiwepo.

Jioni ya kuagana nilimweleza kwamba nitakaa Amsterdam, Uholanzi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi alasiri. Akaniuliza, “Saa zote hizo utafanya nini, mwanangu?” Nikamjibu kuwa nitakaa uwanjani. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: je, hiyo kakao ya mjomba wako haiendi huko kwa Wazungu? Mjomba analima kakao Kyela, bondeni, karibu na Ziwa Nyasa. Tangu utotoni tumeijua kakao kwa harufu ya uchachu wa punje zinazovundikwa chini ya majani ya migomba, na kwa mikeka ya kuanikia. Zikishakauka hupimwa, hubebwa, na habari yake huishia hapo. “Basi kaulizie,” akasema mama. “Uje utuambie inakoishia.”

Hivyo ndivyo nilivyopata shughuli ya kufanya Amsterdam. Nakuomba, msomaji, ulishike jambo hili: mtu mwenye saa chache katika mji mgeni asitamani kuuona mji wote. Achague neno moja linalomhusu, alifuate hilo.

Lakini kwanza kuna ya forodhani. Viza ndiyo itakayoamua kama utatoka uwanjani au hutatoka. Mimi nilikuwa na viza ya Norway, na kwa kuwa Norway na Uholanzi zimo katika umoja mmoja wa mipaka uitwao Schengen, viza ile iliniruhusu kuingia Uholanzi pia. Mwenzangu tuliyekuwa naye ndegeni alikuwa anakwenda Kanada. Viza ya Kanada haikumfaa kitu mlangoni pale. Ilimbidi abaki ndani. Jambo la pili ni mizigo. Uliza ukiwa Dar es Salaam kama sanduku lako limefungwa lebo ya kwenda moja kwa moja hadi mwisho wa safari. La tatu ni hesabu ya saa. Usihesabu kutoka mbele. Hesabu kutoka nyuma. Ndege yangu ilikuwa saa kumi, nami nikaamua kwamba saa saba na nusu niwe nimekwisha rudi uwanjani, hata nikiona maajabu gani. Ukitoa na saa nzima ya foleni ya pasipoti, zile saa tisa zinakuwa tano na ushei. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni mpakani, kwa hiyo yafaa kuiongezea foleni hiyo muda zaidi.

Sasa tazama mahali penyewe. Uwanja wa Schiphol uko mita kama nne chini ya usawa wa bahari. Hapo zamani palikuwa ziwa, tena ziwa kubwa lililokuwa likimeza mashamba. Waholanzi walilikausha kwa mashine za mvuke kati ya mwaka 1849 na 1852. Mimi niliyezaliwa chini ya mlima wenye kimo cha karibu mita 3,000 nilisimama pale nikijiona nimesimama kisimani. Katika Rungwe maji hutuhangaisha kwa kuporomoka. Kule huwahangaisha kwa kukataa kuondoka.

Garimoshi liko chini ya ukumbi wa uwanja wenyewe, wala huna haja ya teksi. Ukiwa na kadi ya benki inayokubalika kimataifa unaigusisha kwenye mashine, unapita, na baada ya robo saa hivi uko kituo kikuu cha Amsterdam. Usisahau kuigusisha tena unapotoka. Mimi nilisahau, nikaja kukatwa fedha zilizoipita nauli mara kadhaa. Kosa langu mwenyewe, maana watu wote waliokuwa mbele yangu waligusisha nikawaona.

Mji ule umejengwa juu ya tope. Kasri la Kifalme lililo kwenye uwanja wa Dam, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kituoni, lilizinduliwa mwaka 1655 likiwa jumba la manispaa, nalo linasimama juu ya magogo 13,659 yaliyokitwa ardhini. Niliizunguka ile nyumba nikiwaza mafundi wetu wanaolalamikia utelezi wa Tukuyu. Mvua ilikuwa ikinyesha, ile nyembamba isiyokoma, na watu walikuwa juu ya baiskeli zao kana kwamba hakuna kitu. Koti nililolinunua sokoni Tukuyu lilinifaa kuliko nilivyodhani. Ukiwa huna fedha za kiingilio popote, zunguka nyuma ya kituo kikuu: kuna vivuko vinavyovusha watu na baiskeli zao hadi ng’ambo ya kaskazini bila nauli. Nilivuka nikarudi, kwa kupenda tu.

Kisha nikaifuata kakao. Bandari ya Amsterdam hupokea kakao kuliko bandari nyingine yoyote duniani. Sehemu kubwa hutoka Afrika Magharibi, hasa Ivory Coast na Ghana. Yetu ni kidogo, na siwezi kukuambia kwamba niliona gunia la Kyela. Viwanda vya kuisaga viko kando ya mto Zaan, kaskazini ya mji. Nilipanda garimoshi jingine kwa dakika zipatazo kumi na nane, nikashuka kituo cha Zaandijk, wanakoshukia watalii waendao kutazama vinu vya upepo. Zamani ukingo wa mto ule ulikuwa na vinu zaidi ya 600, vikipasua mbao, vikikamua mafuta na kusaga rangi, na hata kakao.

Mlango wa garimoshi ulipofunguka, harufu ikanipiga usoni. Nilisimama. Haikuwa ile ya Kyela, ya uchachu kama pombe iliyolala. Ilikuwa ya kitu kilichokaangwa, tamu na nzito, imetanda mtaani kote, juu ya nyumba, juu ya nguo zilizoanikwa, na wenyeji wanapita ndani yake bila kuinua pua. Watalii wote walikwenda upande wa vinu. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiitazama mifereji ya moshi ya kiwanda, na yeyote aliyeniona huenda alidhani nimepotea.

Saa sita mchana ya Uholanzi, ambayo kwa majira yale ni saa saba kwetu, nilipiga simu Igogwe. Ilikuwa saa ya kuwaletea wagonjwa chakula. Mama mdogo akapokea, akamshikisha mama simu. Nilimsikia akipumua kabla hajasema. Nikamwambia, “Shikamoo mama, nimefika inakoishia kakao.” Hakuniuliza habari za majumba wala za baridi. Akauliza inanuka namna gani. Nilipomweleza, akasema, “Kumbe uchachu wote wanautoa!” Mama mdogo akamwambia wali unapoa. Nikauliza habari ya mguu, akasema mguu upo. Hapo nikajua kwamba hakulala vizuri, maana hiyo ndiyo namna yake ya kusema.

Kabla ya kurudi niliingia dukani. Parachichi zilikuwa zimepangwa kwenye sanduku, na moja ilizidi yuro moja. Nilisoma vibandiko: Peru, Kenya. Za Rungwe sikuziona siku ile, ingawa huuzwa Ulaya. Nikanunua kipande kimoja cha chokoleti nyeusi, isiyo na maziwa. Saa saba na robo nilikuwa Schiphol, na tafadhali usinicheke, kwani baada ya hapo nilikaa kitini nimekumbatia begi kama wengine.

Majuma mawili yalipokwisha nilitua Songwe, katika uwanja uliofunguliwa mwaka 2012, ambao umetuepusha watu wa Mbeya na adha ya kukesha ndani ya basi, nikapita Uyole na kuteremka barabara ya Tukuyu moja kwa moja hadi Igogwe. Mama alikuwa bado kitandani, mguu umefungwa plasta nyeupe ambayo watoto wa ndugu walikwisha ichora. Nikamvunjia kipande cha chokoleti. Akakiweka ulimini, akafumba macho, akakimung’unya muda mrefu. Akasema ni kichungu, lakini kinafuatana na utamu. Kingine akampa mtoto wa kitanda cha pili.

Kisha akaniuliza bei. Sikutaka kumtajia, lakini mama hafichwi. Nikamtajia, nikaigeuza kwa shilingi. Akakipima kile kilichobaki kiganjani, akaanza kuhesabu polepole, kwa vidole, punje za mjomba zilizomo mle ni ngapi, na mjomba alilipwa nini kwa kilo. Muuguzi alipokuja kutuambia saa ya kuwatazama wagonjwa imekwisha, alikuwa bado hajamaliza hesabu.