Chombo Kimepigwa Wapi

Boti yenyewe ilikuwa imesimama juu ya mikuku yake miwili katika pembe ya yadi moja kando ya mto Blackwater, Essex, imefunikwa turubai la kijani lililokwisha kuota kuvu. Ilikuwa ya faiba, urefu wake futi 25, imejengwa mwaka 1974. Karatasi iliyobandikwa dirishani ilitaja bei ya pauni 3,200.

Fedha hizo nilikuwa nazo. Nilizikusanya kwa zamu za usiku za miaka mitatu, na nilikwisha kumwahidi binti yangu, aliyezaliwa Colchester na ambaye bahari aijuayo ni ile ya kutazamwa kutoka ufukweni, kwamba kabla hajatimiza miaka 15 nitamfundisha kushika usukani. Kwa hiyo nilipolizunguka lile turubai nikichungulia huku na huku, swali langu lilikuwa moja: chombo hiki kitanirudisha nchi kavu pamoja na mtoto wangu?

Mtu akisikia kwamba nimezaliwa Nungwi, na kwamba ndugu wa mama yangu ni fundi wa majahazi, hudhani elimu ya vyombo imo damuni mwangu. Haimo. Niliondoka Unguja nikiwa na miaka 19, na nilichojifunza kwa mjomba ni kushika ncha ya ubao wakati yeye anapigilia misumari, na kumletea pamba iliyolowekwa mafuta alipokuwa akikalafati. Lakini nilimwona akinunua mashua kuukuu. Alikuwa akichomeka kisu kwenye ubao, akinusa ngama, akitia kidole palipokuwa na msumari uliokula kutu. Chombo cha mbao hueleza habari zake chenyewe, na kisipoeleza, aliyekijenga anakaa mtaa wa pili. Utamkuta barazani baada ya Alasiri.

Boti ya faiba haina ubao wa kuchomeka kisu. Ni nyuzi za kioo zilizotandazwa ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, zikarowanishwa na utomvu wa poliesta hadi zikagandamana kuwa kitu kimoja. Ray Greene alijenga ya kwanza ya namna hiyo huko Ohio mwaka 1942, na mwaka 1959 boti ya tanga iitwayo Triton, iliyochorwa na Carl Alberg, ilionyeshwa New York na kuwafanya watu wa kipato cha kawaida waanze kuota ndoto za kumiliki chombo. Hapa Uingereza, Denys Rayner, ofisa wa zamani wa jeshi la majini ambaye pia alikuwa mtunzi wa riwaya, alianzisha kampuni ya Westerly mwaka 1963; boti yao iliyopendwa kuliko zote, Centaur, ilijengwa tangu 1969 hadi 1980, na zilitoka zaidi ya 2,000. Siri ya kupendwa kwake naielewa vizuri. Ilikuwa na mikuku miwili, mmoja kila upande, kwa hiyo maji yakipwa inasimama wima juu ya tope kama ng'ombe. Sisi Nungwi chombo kikikaukiwa tulikiegemeza kwa miti, yale magadi, au tukakiacha kilale ubavu.

Boti niliyokuwa nikiitazama haikuwa Westerly. Ilikuwa ya kiwanda kingine kilichofungwa zamani, ambacho jina lake naliacha, kilichofuata mtindo ule ule wa mikuku miwili. Waliozijenga boti hizi hawakujua zitadumu miaka mingapi, kwa kuwa hapakuwa na ya zamani ya kuitazama. Imedhihirika kwamba haziozi. Ndiyo sababu zimejaa kila yadi na kila kijito cha pwani hii, na ndiyo sababu bei zake ziko chini kiasi cha kumdanganya maskini. Kodi ya mahali pa kuifunga, bima, rangi ya tumboni ya kuzuia chaza na mwani, vyote hivyo vinadaiwa sawasawa na boti mpya.

Nikaanza kutafuta ushauri, na ushauri haukuwa adimu. Pale yadini kila mwenye brashi ya rangi mkononi alikuwa na lake. Mmoja aliniambia nisiguse kabisa boti yenye malengelenge. Mwingine, mzee aliyekuwa akinywa chai chini ya boti yake, alisema boti zote za umri ule zina malengelenge, na kwamba yeye hajapata kusikia hata moja iliyozama kwa ajili hiyo. Wa tatu aliniambia niachane na habari za faiba nitazame mashine, kwa sababu mashine ya dizeli iliyopozwa kwa maji ya chumvi miaka arubaini imeliwa kutoka ndani. Akanifundisha kwamba nikija kuisikia ikiwashwa, kwanza niiwekee kiganja, nihakikishe iko baridi, maana muuzaji mjanja huipasha moto kabla mnunuzi hajafika. Huyo ninamshukuru hadi leo. Lakini baada ya majuma mawili niligundua kwamba kila mmoja alinishauri juu ya boti yake mwenyewe. Aliyekuwa amebadilisha mlingoti alinionya juu ya mlingoti.

Kuhusu malengelenge, nilisoma hadi nikaelewa. Maji hupenya polepole ile ngozi ya nje inayong'aa, yakakutana na kemikali ambazo hazikuganda vizuri siku ya kujengwa, yakafanya tindikali kidogo. Tindikali huvuta maji zaidi, na ngozi hufura. Ukilitoboa lengelenge linatoa majimaji yenye harufu ya siki. Ukilipaka rangi juu umeficha tu. Dawa yake ni kulifungua, kulisafisha kwa maji baridi mara nyingi, kisha kuliacha tumbo la boti likauke kwa miezi kabla ya kuliziba. Ni kazi ya subira na gharama, ila mara nyingi si ya hatari.

Ndipo nikampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hujambo wewe? Na mwanao?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho bila ya kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake.

"Faiba," akasema. "Ina miaka mingapi?"

"Arubaini na tisa."

"Basi imepigwa. Chombo hakifiki umri huo bila ya kupigwa, ikiwa kwa mwamba, kwa gati, au kwa fungu. Usimuulize mwenyewe kama ni kizima, atakwambia kizima, na huenda yeye mwenyewe ndivyo anavyoamini. Muulize kimepigwa wapi."

"Mwenyewe amefariki, mjomba. Anayeuza ni mjane wake."

Akanyamaza kidogo. "Basi mpe pole kwanza. Halafu ndiyo uulize."

Mjane yule alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mpole, aliyenikaribisha jikoni kwake. Nikampa pole, naye akaipokea kama mtu ambaye hajapewa siku nyingi. Nilipomuuliza boti ilipata kupigwa wapi, alisema hajui. Mambo hayo alikuwa akiyajua mumewe. Kisha akainuka, akaniletea bati la biskuti lililojaa risiti na hati za mauzo, na daftari nene lenye jalada jeusi.

"Aliandika kila kitu," akasema. "Mimi sijaweza kulisoma. Chukua, utalirudisha."

Zile hati zilikuwa muhimu kuliko nilivyodhani, kwa maana nilikwisha kujua kwamba kusajiliwa kwa boti katika daftari la serikali la vyombo vidogo hapa Uingereza hakuthibitishi nani mwenye mali. Kinachothibitisha ni mlolongo wa hati za mauzo, mkono kwa mkono. Mlolongo ulikuwa kamili. Daftari nililisoma kwa usiku mbili kazini, wakati wa mapumziko. Lilikuwa na miaka 27 ndani yake: kiasi cha mafuta, upepo, saa ya maji kujaa, ndege aliowaona. Na katika Agosti ya 1998 nikalikuta nililotumwa kulitafuta. Boti ilipanda fungu la mchanga mdomoni mwa mto, mawimbi yakaiinua na kuibwaga juu ya mkuku wa kushoto kwa muda wa saa mbili hadi maji yalipojaa. Baadaye iliinuliwa na kupelekwa karakana. "Imetengenezwa, kama mpya," aliandika, na bei chini yake.

Nikamkodi mkaguzi wa vyombo kwa pauni 580. Wapo waliocheka kwamba natoa fedha hizo kwa ajili ya boti ya pauni 3,200, na ninakiri kwamba mkono wangu ulikuwa mzito. Lakini yeye peke yake, kati ya wote niliowauliza, ndiye asiyekuwa na faida nikinunua wala nisiponunua. Alikuja na tochi, kifaa cha kupimia unyevu, na nyundo ndogo ya kichwa cha plastiki. Akaanza kuigonga boti, shibiri kwa shibiri, ameinamisha kichwa. Nilitamani mjomba angekuwapo. Faiba nzima hujibu kwa mlio mkavu, mfupi. Palipoachana tabaka hujibu kwa sauti butu, kama gunia. Juu ya sitaha, ambako kati ya ngozi mbili za faiba huwekwa mti mwepesi wa balsa, alipata mahali pawili paliporowa. Tumboni alinionyesha malengelenge kama ishirini, akapita bila ya kusimama.

Nilipompa daftari na kumwonyesha ukurasa, alisoma, akaniambia, "Laiti wote wangeandika hivi." Akaingia ndani, akainua mbao za sakafu, akajibana ngamani na tochi yake.

Karakana iliyofanya kazi ile sitaitaja, na sijui hata kama ipo bado. Nje walijaza nyufa na kupaka rangi vizuri sana. Ndani, mataruma ya faiba yanayoufunga mkuku na tumbo la boti yalikuwa yameachana na ubavu kwa urefu wa mkono, na hakuna aliyeyagusa. Mkaguzi aliutikisa mkuku kwa nje, mimi nikiwa ndani nimeweka vidole juu ya ufa. Niliusikia ukipumua.

Makadirio ya matengenezo ya kweli yalikuwa karibu mara mbili ya bei ya boti. Kwa hiyo kununua hakukuwapo tena. Kilichonikosesha usingizi ni ile ripoti. Nilikuwa nimeilipia mimi, na sheria haikunidai niionyeshe kwa mtu. Nikimpa mjane, nimemharibia biashara. Hatakuwa na la kumwambia mnunuzi mwingine isipokuwa ukweli, na pauni 3,200 kwake hazikuwa fedha za kuchezea. Nikiikalia, ataiuza kwa nia safi kabisa.

Mjomba hakuona ugumu wowote. "Ukinyamaza," alisema, "atakuja kijana mwingine na mwanawe."

Nikarudi jikoni kwa mjane na ripoti na daftari. Nilimweleza taratibu, nikimwonyesha picha. Alizitazama muda mrefu.

"Alitupeleka Uholanzi mara nne na mkuku huo," akasema. Sikuweza kujua kama alikuwa akinilaumu mimi, au karakana, au mumewe. Kisha akauliza, "Aliandika nini hasa?"

Nikamsomea ukurasa wa Agosti ya 1998 wote, pamoja na sehemu ambayo sikumwonyesha mkaguzi kwa kuwa haikuhusu mkuku: kwamba wakati boti ikibwagwa juu ya fungu, mkewe alichemsha chai, akammiminia, akakaa naye nje wakisubiri maji yajae, wala hakuuliza swali hata moja.

"Niliogopa sana," akasema. "Hakujua?"

Boti bado iko pale yadini. Ile karatasi ya dirishani imeondolewa, na sikuuliza kwa nini. Binti yangu nilimwambia hatuna boti bado, akaniambia amebakiza miezi minane. Juma hili naenda kutazama nyingine karibu na Maldon, na katika gari nina nyundo ya kichwa cha plastiki niliyoinunua kwa pauni saba.

Wiki iliyopita mjomba alinipigia yeye, jambo la nadra. Boti za faiba zimekuwa nyingi Nungwi siku hizi, za kuwapeleka watalii kuzamia, na zikiharibika huletwa kwa mafundi wa mbao, kwa kuwa hao ndio waliopo. Ameletewa moja. Ameigonga yote, mlio wake mzuri, ila tumboni ina kitu kama tetekuwanga.

"Toboa moja," nikamwambia. "Nusa."

Nikasikia hatua zake mchangani, halafu kimya, halafu, "Siki!"

Nikamweleza: asiipake rangi juu, ayafungue yote, aoshe kwa maji baridi, aoshe tena, kisha aiache ikauke.

"Siku ngapi?"

"Miezi, mjomba. Mitatu, minne."

Alicheka hadi akakohoa. "Miezi! Mwenyewe anaitaka Ijumaa."