Tambi za Nakivale: pakiti moja, majiko matatu

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea hatukusafiri mbali. Tumetembea hapahapa Base Camp kuuliza watu wanapika vipi tambi. Sababu ni kwamba darasani watoto wanachekana vyakula: huyu anakula hivi, yule vile. Tukaona heri twende tuonje wenyewe.

Nakivale ilianza mwaka 1958 kwa Wanyarwanda. Leo tuko pia Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, kila mtu na sufuria yake.

Kwa Wasomali harufu ya viungo inakupokea kabla ya salamu. Tambi wanaziita baasto, jina lililobaki tangu Waitaliano walipotawala kusini mwa nchi yao. Mchuzi wao ni nyama, nyanya, kitunguu na viungo. Halafu pembeni wanaweka ndizi mbivu! Tulishangaa, lakini kumbe utamu wa ndizi unatuliza pilipili. Na hapa Isingiro ndizi siyo shida.

Kwa Waethiopia tambi zilikuja na mchuzi mwekundu wa berbere, zimemwagwa juu ya injera. Unakata kipande, unachota kwa mkono. Uma wa nini?

Jiko la tatu ni la Mkongomani mwenzetu, mama aliyetoka Uvira, mwenye watoto sita. Nyama hana. Alituambia wazi: "Tambi peke yake zinadanganya tumbo. Mtoto analala saa mbili, saa nne anaamka analia njaa." Tangu mwaka 2023 msaada umegawanywa kwa makundi ya uhitaji, na kila nyumba inapima chake. Kwa hiyo yeye pakiti ya gramu 500 anaipika na maharagi, hivi:

Vunja tambi ziwe fupi. Maji yakichemka tia chumvi na tambi, koroga dakika 2, funika vizuri, toa jikoni. Ziache dakika 10, zitaiva zenyewe kwa joto la maji. Wakati huo makala yaleyale yanapika mchuzi: mafuta kijiko kimoja, kitunguu, nyanya 3, maharagi yaliyoiva vikombe 2, mwisho fungu la lengalenga lililokatwa. Chuja tambi, changanya, pakua. Watu saba wanakula, na makala hayapotei bure. Ukipata ndakala kidogo, tia, ni vizuri zaidi.

Wazazi, jambo moja tunaomba. Mtoto akirudi nyumbani akicheka chakula cha mwenzake, msimwache hivyohivyo. Mwambieni jina la chakula hicho, na siku moja mpelekeni kwa huyo jirani aonje. Ndizi juu ya tambi ukiiona kwa mbali ni kichekesho, ukiila utaomba sahani ya pili.