Siku hizi nanunua joto kwa kilo

Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Wiki ya pili unapunguza kidogo, ya tatu unapunguza tena, mpaka manyoya yatoke aanze kujitegemea. Wafugaji tusio na kipimajoto tunawasoma vifaranga wenyewe. Wakirundikana kando ya jiko, wana baridi. Wakikimbilia ukutani na kutanua mabawa, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja, ujue kuna upepo unapenya upande wa pili. Ukimwambia mtu wa nje kwamba huku Kahama tunapasha nyumba joto, anacheka. Aje mwezi wa Saba, saa tisa za usiku, upepo wa kipupwe ukipita chini ya bati, ndipo acheke.

Nalea kuku chotara. Wengi nawauza wakiwa na wiki nne kwa wafugaji wenzangu, wachache nawakuza hadi kuchinjwa. Soko langu ni la dhahabu: Kakola pale Bulyanhulu, Segese, na mara nyingine navuka kwenda Katoro upande wa Geita. Mchimbaji aliyepata mzigo hali maharage siku hiyo. Kwa hiyo habari yangu ni ya joto, lakini nyuma ya joto kuna dhahabu, na nyuma ya dhahabu kuna miti. Duara, yaani shimo la mchimbaji, haliteremki bila matimba ya kushikilia kuta, na watu wote waliozunguka duara wanapikiwa kwa mkaa. Kahama hapa ongeza na tumbaku, ambayo nayo hukaushwa kwa kuni.

Mwanzoni nilikuwa natumia balbu. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ndio ulionitoa huko, kwa sababu kifaranga hasubiri ratiba. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa Februari 2024, mimi nilishahamia kwenye mkaa kama mtaa mzima: jiko la bati katikati ya banda, makaa yamefukiwa majivu ili yaive polepole, wavu kulizunguka, karai juu yake kusambaza joto chini. Njia hiyo inafanya kazi, sitaisema vibaya. Shida ni gunia. Gunia la mkaa linauzwa kwa macho, na lumbesa ya mwezi wa Nane siyo lumbesa ya mwezi wa Kwanza. Mvua zikishaanza Novemba, tanuri hazichomi vizuri, njia za vijijini zinakatika, bei inapanda huku gunia lenyewe likishuka kimo.

Aliyenigeuza hasa ni baba. Ana ngitili yake kijijini, eneo analolifunga wakati wa mvua ili nyasi na miti vipumue, kisha ng'ombe waingie kiangazi kikikaza. Wasukuma wamekuwa na ngitili tangu zamani, lakini zilikuwa zimekaribia kuisha. Mkoa wetu wa Shinyanga ulifyekwa miti enzi za mkoloni kupambana na mbung'o, pamba ikaja ikafyeka iliyobaki, mpaka ikafika mahali watu wakaanza kuuita mkoa huu jangwa. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyodumu hadi 2004. Kilichofanikiwa zaidi hakikuwa mti wa ajabu kutoka ng'ambo. Maafisa wake waliwarudisha watu kwenye ngitili zao, na miti ikachipua kutoka kwenye visiki vyake yenyewe. Baba ni wa kizazi kile. Anaijua migunga yake kama anavyojua ng'ombe wake.

Nilikwenda kumsalimia, tukazungumza habari za vifaranga, akaniuliza nawapashaje joto. Nikamweleza. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, mimi huku nafukuza vijana wa mkaa ngitilini. Wewe kule unawasubiri barabarani uwape hela. Sasa hapo tunasaidiana au tunashindana?"

Nilimjibu kwamba vifaranga hawaelewi habari za ngitili. Alicheka, akabadilisha mazungumzo. Lakini mkaa wa tanuri la udongo unakula kilo sita hadi kumi za kuni kutoa kilo moja, na hesabu ya aina hiyo ukishaipata kichwani huwezi kulitazama gunia kama zamani.

Nikaanza kutazama kilicho karibu. Kahama ni mji wa mpunga. Msimu wa kukoboa, pumba hurundikwa nyuma ya mashine mpaka zinashindana na paa, kisha hutiwa moto ili kupata nafasi, na moshi wake unawatesa majirani wiki nzima. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga ni pumba. Mama zetu walikuwa wakizishindilia kwenye kopo kuzunguka chupa, chupa ikichomolewa panabaki tundu la moto, na jiko hilo linawaka kwa saa nyingi. Kwa kupikia nje linafaa. Ndani ya banda moshi wake ungeua kila kitu.

Mzee mmoja anayekaa jirani na mashine ya kukoboa alikuwa ameshavuka hatua hiyo. Nilimkuta ameanika vitonge vyeusi juu ya mabati, vya ukubwa wa kikombe cha kahawa.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia, akaendelea kugeuza vitonge vyake.

Akanionyesha kazi ilivyo. Pumba huchomwa ndani ya pipa lililobanwa hewa, zisigeuke majivu zikabaki nyeusi. Zinachanganywa na chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia na watu huzimwaga, kisha uji wa mhogo unashika vyote pamoja. Mashine yake ni ya mkono. Pembeni alikuwa na magongo ya rangi ya kahawia yenye tundu katikati, aliyoyaleta kutoka kwa mwenye mashine kubwa inayobana pumba mbichi kwa nguvu na joto. Hayo hayana gundi yoyote: joto na mgandamizo vinalainisha lignini, kitu cha asili kilichomo kwenye pumba zenyewe, nayo ikipoa inazishikilia. Ndivyo zinavyotengenezwa pia zile peleti za mbao ambazo watu wa Ulaya wanapashia nyumba zao wakati wa baridi, vipande vya unene wa penseli, ukiviona utadhani ni chakula cha kuku.

"Chukua hiki, kivunje," akaniambia.

Nikakivunja. Kililia kama biskuti, na ndani kilikuwa cheusi vilevile kama nje. Akanipa kingine kilichoanikwa jana yake. Hicho kilipinda kabla hakijakatika, na katikati kilikuwa na doa lililokolea zaidi, kama tope.

"Hiki ukikinunua unanunua maji yangu ya kisimani."

Hapo ndipo mimi naona mabadiliko yangu yalipoanzia, zaidi ya kuhama kutoka mkaa wa mti kwenda wa pumba. Mkaa mbadala unauzwa kwa kilo, na kilo haichagui kati ya moto na maji. Maji unayalipia mara mbili: kwanza kwenye mizani, halafu jikoni, ambako sehemu ya moto wako inatumika kuyachemsha yatoke kabla vifaranga hawajapata chochote.

Nilipomsimulia mteja wangu mmoja wa Kakola, kijana anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchenjua dhahabu, aliona ni jambo la kawaida kabisa. Kwao, kaboni iliyonyonya dhahabu kwenye matangi hufika ikiwa imelowa, na hakuna mtu mwenye akili anayekubali hesabu ya kaboni mbichi. Wanachukua sampuli, wanaipima, wanaikausha, wanaipima tena, ndipo mazungumzo ya pesa yanaanza. Kaboni ile nayo, kwa asili yake, ni mkaa, wa vifuu vya nazi. Nikawaza: kama mkaa wa dhahabu unapimwa unyevu, huu wa kuku una kosa gani?

Basi nikaanza kufanya vilevile kwa mizani yangu ya kuku. Nachomoa vitonge vichache, kimoja juu ya gunia, kimoja katikati, kimoja chini kabisa, navipima, navianika juu ya karai la moto mpaka visipungue tena, navipima upya. Gunia moja la Desemba lilinionyesha kilo moja ikishuka hadi gramu 820. Muuzaji aliudhika, lakini tuliafikiana bei. Sasa wananijua, wengine wananiita mama mizani, na mzigo unaoletwa kwangu unakuja mkavu.

Sehemu ya pili ni kuuhifadhi, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu ndiko nilikoweka akili nyingi. Mkaa wa mti hauna deko. Ukilowa, unauanika, unarudi ulivyokuwa. Kitonge cha pumba kilichoshikwa kwa uji wa mhogo kikilowa kinaota ukungu na kumeguka, na gongo lisilo na gundi likinyeshewa linavimba kama mkate na kurudi kuwa pumba; ukilikausha hupati gongo tena. Halafu kuna mchwa. Mkaa hawaugusi, lakini gunia la katani, maranda na uji wa mhogo ni chakula kama chakula kingine.

Chumba changu cha kuhifadhia kilikuwa stoo ya pumba za mahindi. Nimetandika mapaleti ya mbao, nikayanyanyua kwa matofali ili niweze kuchungulia chini na kuona njia za mchwa mapema. Hakuna gunia linalogusa ukuta, kwa sababu ukuta wa tofali za kuchoma unanyonya mvua na kuitema ndani. Vitonge viko kwenye mifuko ya salfeti yenye nailoni ndani, midomo imefungwa kwa kamba, na kila mfuko nimeuandika mwezi kwa makapeni ili ulioingia kwanza utoke kwanza. Mzigo mpya unakaa barazani kwanza, siku nzima na usiku wake. Unga wa mkaa uliotoka kwenye pipa unaweza kuwa umepoa juu huku ndani bado una cheche, na stoo nyingi zimeungua kwa uvivu wa kusubiri.

Mlango wa stoo una matundu juu na chini. Wenzetu wa Ulaya waliojaza peleti za mbao kwenye vyumba vilivyobanwa wamepoteza watu kwa sababu zikikaa zinatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, hata kabla hazijawashwa. Gesi hiyohiyo ndiyo inayotuulia watu huku wanapolala na jiko la mkaa ndani milango imefungwa. Wauzaji wengine wanasema mkaa mbadala hauna madhara kwa sababu hautoi moshi. Nawakatalia. Hautoi moshi, gesi unaitoa. Banda langu lina nafasi ya hewa juu ya ukuta pande mbili, na jiko linawashiwa nje mpaka liwe jekundu kote ndipo linaingia. Magongo ya pumba mbichi hayaingii kabisa. Kazi yake ni uani, kuchemsha maji ya kunyonyolea kuku.

Nisifiche upungufu. Pumba zina majivu mengi mno, jiko linataka kukung'utwa kila unapoongeza, na kuwasha kunahitaji subira. Hadi leo natumia chenga kidogo za mkaa wa mti kuanzishia. Joto la kilo moja ya vitonge halifikii la kilo moja ya mkaa mzuri. Linachonipa ni kudumu na kutabirika: nikijaza saa nne usiku najua saa tisa nitakuta nini. Makaa ya mawe yaliyotengenezwa vitonge, yale ya STAMICO, shirika la madini la Taifa, yanayotoka Kiwira, nimeyaona jikoni kwa watu yakiivisha maharage vizuri. Kwenye vifaranga nimebaki na pumba nilizozizoea.

Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nimeusikia kwenye mikutano, na naupenda. Ila kila mara mazungumzo ni sufuria. Katika mtaa wangu, banda moja la vifaranga linaweza kuunguza mkaa mwingi zaidi usiku kucha kuliko nyumba inavyopikia mchana kutwa, na mfugaji hajaulizwa. Ningefurahi kama afisa mifugo angekuja na habari za moto pamoja na za chanjo ya kideri.

Nanunua Julai hadi Septemba, wakati mashine zinakoboa na jua linakausha bure, nikijaza stoo ya kunifikisha Aprili. Mwaka huu nimekuta foleni. Mama lishe wa Katoro wameshamjua mzee, wanakuja na Noah wanabeba, na mwenye mashine aliyekuwa akishukuru ukimzolea pumba zake sasa anaziuza kwa gunia. Bei imepanda, nami nimenung'unika kama kila mtu. Baba nilipomweleza alifurahi kupita kiasi, akaniambia niache kulalamika nikanunue mapema. Nimeshaongea na mwenye mashine mwingine huko Isaka. Wiki ijayo naenda na mizani yangu.