King'ora cha Moshi Katika Nyumba ya Mawe

Wahenga walinena kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili twaifahamu vyema methali hii, na twajua kwamba kinga inayotajwa humo ni kijinga, yaani kipande cha ukuni kinachowaka. Hata hivyo, lugha yetu ina kinga nyingine, ile ya kuzuia madhara yasitufike. Kwetu Amu, kinga ya kwanza tunaijua tangu utotoni. Hii ya pili ndiyo iliyonishughulisha likizo iliyopita, nilipokifungua king'ora cha moshi kilichokuwa mlangoni pa chumba cha bibi yangu nikakuta ni ganda tupu.

Ami yangu alikileta kifaa hicho alipoanza kupangisha vyumba vya juu kwa wageni. Baada ya miaka kadhaa kikaanza kutoa mlio mfupi kila baada ya muda, mithili ya nyenje aliyejificha darini. Mlio huo ulikuwa ujumbe kwamba betri inakwisha. Nyumbani ulichukuliwa kuwa kero tu, betri ikatolewa, na kimya kikapokewa kama amani. Kwa miaka miwili bibi alilala chini ya mlinzi aliyekatwa ulimi.

Nilipoyasema hayo, ami alicheka. "Mwanangu," akaniambia, "nyumba hii ni ya mawe. Mawe hayaungui."

Ni kweli kwamba kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ujenzi wa aina hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyoufanya Mji Mkongwe wa Lamu uorodheshwe na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Lakini dari zetu zimebebwa na boriti za mikoko, na juu ya paa kuna makuti yaliyokaushwa na jua. Ndani mna magodoro, mazulia, mapazia na nyaya za umeme zilizoongezwa kila mgeni alipohitaji feni. Wajenzi wa kale walikuwa na busara ya kuliweka jiko orofa ya juu ili moshi na joto vipande angani. Leo mtungi wa gesi na birika la umeme vimeshuka hadi karibu na vitanda.

Isitoshe, moto si ndimi zake tu. Moshi humpumbaza aliyelala na huweza kumuua kabla mwali haujamfikia. Bibi yangu ana zaidi ya miaka themanini, na ngazi zetu ni za mwinuko mkali. Kumteremsha huchukua dakika ambazo moto haumpi mtu. Gari la zimamoto nalo haliwezi kupenya katika vichochoro ambamo punda wawili hupishana kwa shida. Wenzetu wa Faza, katika kisiwa cha Pate, waliyaonja haya mwaka 2009, moto ulipoteketeza mamia ya nyumba na kuwaacha maelfu bila makao. Nilipoitaja Faza, ami aliacha kucheka.

Tulikubaliana kukitazama kifaa chenyewe. Nyuma yake palikuwa na tarehe ya kutengenezwa, na miaka kumi ilikuwa imekwisha kupita. Hapo ndipo nilipomweleza kwamba betri mpya isingetosha. Kitambuzi kilichomo ndani huchakaa, na watengenezaji huelekeza kifaa kizima kibadilishwe baada ya miaka kumi tangu kilipotengenezwa, wala si tangu kiliponunuliwa. Pwani kuna maadui zaidi: hewa ya chumvi hula vyuma vya betri, vumbi la chokaa huziba matundu, na wadudu wadogo hujenga humo.

Tulinunua viwili vya aina inayotambua moshi kwa mwanga, kwa kuwa aina hiyo huwahi kuuhisi moto unaofukuta polepole, kama wa godoro. Kimoja tulikipachika chini ya boriti, katikati ya dari ya chumba cha bibi, kwa sababu usikivu wake umepungua. Cha pili tulikiweka ukumbini, mbali na jiko, maana king'ora kinacholia kila samaki akikaangwa hakikawii kunyamazishwa. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya swala, binamu yangu hubonyeza kitufe cha majaribio na kupangusa vumbi kwa brashi laini. Betri hubadilishwa kila mwaka, au mara nyenje anapolia.

Bibi alisikiliza jaribio la kwanza, kisha akauliza, "Kidude hiki chaitwaje?" Nilisita, kwani nimesikia kengele ya moshi, king'ora cha moshi na kitambuzi moshi. Nilichagua king'ora, kwa hoja kwamba kengele husubiri mkono wa mtu ilhali king'ora hupiga ukelele chenyewe. Akajibu, "Basi na kiwe king'ora, mjukuu wangu, ila mumfundishe kila mtu maana ya kilio chake."

Naona ametufunza somo wasomi wa lugha. Maelekezo ya vifaa hivi huja kwa lugha za kigeni, yakatupwa pamoja na boksi. Mlio wa betri haukueleweka nyumbani kwetu kwa kuwa hakuna aliyeutafsiri. Tunakongamana na kujadili istilahi, nalo ni jambo jema, lakini istilahi isiyofika chumbani kwa mzee haijamaliza safari yake. Ndugu msomaji, urudipo kwenu, inua macho darini. Ukikuta king'ora, soma tarehe iliyo nyuma yake, kisha uwaeleze wa nyumbani, kwa Kiswahili wanachokielewa, kile kinachosemwa na mlio wake.