Bunduki ya Askari na Gobore la Mkulima

Watu huuliza: mbona askari polisi hupita sokoni Mpanda na bunduki begani wala haulizwi, naye mkulima akionekana na gobore hutiwa pingu?

Swali hili si la kitoto. Huku Katavi kiboko hutoka mto Katuma usiku, na kulipokucha mahindi hayapo. Mimi mwenyewe nimeyakuta mashina matupu.

Lakini bunduki ya askari si mali yake. Huitwaa ghalani kwa kuandikiwa, risasi zikihesabiwa, na zamu ikiisha huirudisha. Ikipotea, yeye ndiye atakayejibu. Gobore la kificho halina namba wala daftari. Fundi amelifua kwa bomba la chuma, likashindiliwa baruti, tena pengine humpasukia mwenyewe usoni. Hata hivyo sheria ya mwaka 2015 haikumnyima raia silaha kabisa: yampasa kuomba leseni, na habari zake zichunguzwe kwanza. Tena mwaka 2022 Serikali iliwapa wenye silaha haramu nafasi ya kuzisalimisha bila kushtakiwa.

Wakulima husema kwamba leseni ni safari na fedha, na kiboko hangoji. Ni kweli, wala siwapingi. Ila gobore likilia gizani halimbagui kiboko na jirani aliyetoka kulinda shamba lake. Kwa hiyo naona tuwadai askari wa wanyamapori wafike upesi tuwaitapo, maana bunduki walizopewa ni kwa kazi hiyo.