Tiketi ya Kwenda na Kurudi

Mwezi Oktoba nchini Italia huitwa vuli. Kwetu Garissa vuli ni mvua, na Kisomali chake, deyr, pia ni mvua. Wao majani yanapukutika, sisi tunangoja yaote. Nimeuchagua mwezi huo kwa hesabu tu: watalii wa Julai wameshaenda zao, vyumba vimeshuka bei, na jua si la kumtisha mtu aliyekulia Garissa.

Mpango uko kwenye daftari. Roma siku nne. Treni ya kasi hadi Napoli, saa moja na ushee, hapo siku tatu. Kisha treni ya kwenda Sicily, na hii ndiyo iliyoniteka: ikifika baharini inaingizwa kwenye meli vipande vipande, inavushwa mlango wa Messina na abiria wake, halafu inaunganishwa upande wa pili na safari inaendelea. Palermo siku tatu, kisha nyumbani. Siku ya kwanza ya safari ni kufika Nairobi, na nimeiachia nafasi, kwa sababu tunaijua vuli yetu. Novemba 2023, El Niño ilipokuja, Tana ilifurika na barabara ikakatika.

Nilipomwambia Hooyo, hakuuliza pesa zitatoka wapi.

"Hooyo," aliniita, maana mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa jina lake yeye mwenyewe, "unataka kwenda tahriib?"

Kama hujakaa huku, tahriib ni ile safari ya kupitia Sudan na Libya, kisha mashua. Kwa mama wengi wa hapa, Italia si nchi yenye majumba na sanamu. Italia ni ng'ambo ya bahari, na bahari yenyewe ina watu ndani. Samia Yusuf Omar, aliyeikimbilia Somalia mita 200 kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, alikufa humo mwaka 2012 akijaribu kufika Italia. Tarehe 3 Oktoba 2013, mashua ilizama karibu na Lampedusa na zaidi ya watu 360 wakafa, wengi wao Waeritrea. Mimi nilikuwa nikiandika Oktoba kwa ajili ya bei za vyumba. Yeye alisikia Oktoba nyingine.

Nikamwambia ni kwa ndege. Tiketi ya kwenda na kurudi.

"Kurudi? Nani huenda Italia akarudi?"

Cha ajabu, hilo ndilo swali la viza, ila wao wanaliuliza kwa makaratasi. Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, zaidi ya shilingi 13,000, na ukinyimwa hazirudi. Bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Taarifa za benki. Mahali pa kulala kila usiku. Halafu kile kipengele cha kuthibitisha kwamba una kitu cha kukurudisha kwenu: barua ya mwajiri, au barua ya chuo. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipogoma. Mwajiri sina, nina wateja. Mmoja analipa kwa M-Pesa tarehe tano, mwingine analipa akikumbuka. Kwenye karatasi, mimi ni mtu asiye na kitu cha kurudia. Mama, nyumba, mbuzi wa ayeeyo wangu kule Dadaab, hao hawana barua.

Kusema kweli, kuthibitisha si kugeni kwetu. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya Wasomali nchi nzima ili ijue nani Mkenya kweli. Kitambulisho changu nilikipata baada ya wazee kukaa na kuthibitisha mimi ni mtoto wa nani. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kwamba msasa huo umekwisha, na tukashukuru. Lakini panda basi la Nairobi uone: vizuizini mnashuka, mnapanga foleni, kadi mkononi. Na ukivuka kwenda Somalia wanakuita "Sijui", jina walilotupa sisi Wasomali wa Kenya kwa hilo neno letu la Kiswahili. Huku unathibitisha, kule unachekwa.

Italia yenyewe ilipokuja upande wetu haikuonyesha taarifa ya benki. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Jubaland, Kismayu ikiwemo, na mpaka ukasogezwa hadi hapa kwetu, karibu na Liboi. Wakaondoka, wakaacha maneno: uma ni fargeeto, tambi ni baasto. Leo Garissa utapakuliwa baasto na nyama ya mbuzi, ndizi mbivu pembeni, na hakuna anayefikiria kwamba anakula historia.

Ndiyo maana sitaki kuandika kwenye fomu kwamba naenda semina, ingawa rafiki yangu ananishauri hivyo, eti semina inaaminika. Kwenye sababu ya safari nitaandika utalii. Nataka kwenda mahali kwa sababu nataka kupaona, kisha nirudi nisimulie. Vijana wa nchi nyingine hufanya hivyo kila mwaka bila kuulizwa na mtu.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa hiyo Aprili nitapeleka.

Hooyo nimemsomea daftari lote, siku kwa siku. Alinisimamisha kwenye ile treni.

"Baharini wanashushwa?"

"Hapana. Anayetaka anabaki ameketi."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema nimletee pakiti moja ya baasto ya huko, tuone kama wanajua.